Je, fangasi ya mdomoni inakula nyama ya mwili? Jibu kwa msomaji wa Wete

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anauliza: "Assalaam alaykum, daktari. Mama yangu amevuka miaka sitini, ana maradhi ya sukari na anavaa meno ya bandia ya juu. Kila baada ya muda hupata utando mweupe mdomoni, na mahali panapofunikwa na yale meno huwa pekundu na panamuwaka. Hupewa dawa akapona, kisha hali hurudi. Nimesoma kwamba fangasi hii hutoa vimeng'enya vinavyokula protini, yaani nyama ya mwili. Je, ni kweli? Na kama inaishi kwa protini, aache samaki, nyama na maharage? Jirani naye anamwambia aache mkate wa kumimina kwa sababu una hamira."

Waalaykumu salaam, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Vimeng'enya hivyo vipo kweli na vimechunguzwa kwa miaka mingi. Kumnyima mama yako samaki hakutavigusa hata kidogo, wala mkate wa kumimina hauna kosa. Lipo hata hivyo jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni tindikali inayojikusanya chini ya meno ya bandia, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza kwa nini maradhi ya mama yako hurudi kila yanapoondoka. Nitafika huko, lakini kwanza tuvielewe vimeng'enya vyenyewe.

Fangasi inayosababisha utando mweupe mara nyingi zaidi ni Candida albicans, ambayo kwa jamii yake ni hamira, ingawa si ile ya dukani. Huishi kinywani, katika utumbo na ukeni mwa watu wengi wazima wenye afya, na wengi wao hawajui kabisa kwamba wanayo. Kwa kawaida huwa chembe za mviringo zinazozaliana kwa kuchipua, lakini hali ikibadilika huweza kurefuka zikawa nyuzi zinazopenya baina ya seli za ngozi laini ya ndani ya mdomo.

Kama viumbe hai wote, hamira hii inahitaji nitrojeni. Ikiipata katika umbo jepesi, kama amonia au amino asidi (vipande vidogo vinavyojenga protini) zilizo huru, huichukua hiyo na haihangaiki na kitu kingine. Isipoipata, na ikawa kilichopo karibu nayo ni protini nzima tu, hukabiliwa na tatizo, kwa sababu protini ni mnyororo mrefu uliokunjamana ambao hauwezi kupita katika ukuta wa chembe. Hapo ndipo hutoa nje vimeng'enya vya kuukatakata mnyororo ule, kisha hufyonza vipande vidogo. Aliyewahi kupaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki, akarudi baada ya saa chache akaikuta imelainika, ameiona kazi ya aina hiyo kwa macho yake, kwa kuwa utomvu wa papai nao una kimeng'enya kinachokata protini. Tofauti ni kwamba kile cha papai ni cha ukoo mwingine. Vya Candida ni vya ukoo wa aspatiki, ambao ndio ukoo wa pepsini ya tumbo letu, na wengi katika ukoo huo hufanya kazi vizuri penye uchachu.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1965 mtafiti aitwaye Staib alieleza namna hamira hizi zinavyoweza kutumia protini za damu kama chanzo chao cha nitrojeni. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba Candida albicans haina kimeng'enya kimoja cha aina hiyo, bali ina kumi, na kila kimoja kina jeni yake. Wataalamu huviita Sap1 hadi Sap10. Vinane vya kwanza hutolewa nje kabisa na kusambaa katika ute, na viwili vya mwisho hubaki vimenasa juu ya chembe yenyewe, ambako huonekana kuhusika zaidi na matengenezo ya ukuta wake. Kinachotolewa kwa wingi zaidi pale hamira inapolishwa protini tupu maabara ni Sap2. Vyote hutengenezwa vikiwa na kipande cha ziada kinachovizuia kufanya kazi vikiwa bado ndani, na kipande hicho hukatwa na kimeng'enya kingine, Kex2, vinapokuwa njiani kutoka. Bila kinga hiyo hamira ingeweza kujidhuru yenyewe.

Sasa suala la samaki. Mdomoni hamkosekani protini hata kwa mtu aliyefunga tangu alfajiri: mate yenyewe yana protini, ute una protini, na seli za ngozi ya ndani hubanduka kila siku na kuzama humo humo. Chakula kinapita kwa dakika chache na kwenda zake. Kwa hiyo ukimwondolea mama yako changu na maharage, fangasi haitajua kwamba kuna kilichopungua, lakini yeye atajua. Mtu wa umri wake mwenye kisukari anahitaji protini ili misuli yake isiishe na vidonda vyake vipone, na mara nyingi kinachokuja kujaza nafasi ya samaki kwenye sahani ni wali zaidi, muhogo zaidi na chai yenye sukari zaidi. Hapo mtakuwa mmeisaidia fangasi.

Vimeng'enya hivyo vikishatolewa hukata nini? Orodha ni ndefu, na ndiyo iliyowatia watu khofu. Hukata mukini, ambayo ndiyo inayoufanya ute uwe mzito. Hukata keratini ya ngozi, na pia kolajeni, laminini na fibronektini ambazo hushikilia seli mahali pake. Sap5 imeonekana kukata E-kadherini, protini inayofunga seli moja na jirani yake, na nyuzi za fangasi hupata upenyo hapo. Upande wa kinga ya mwili, hukata kingamwili za aina ya IgA zinazolinda kinywa, hukata baadhi ya protini za damu zinazoviwekea vijidudu alama ili viliwe na chembe nyeupe, na hukata histatini-5, kipande kidogo cha amino asidi 24 kilichomo katika mate ya binadamu ambacho kazi yake ni kuua Candida. Mimi huliona hili la histatini kuwa zito kuliko yote, kwa sababu hamira haivunji tu nyumba iliyoivamia, inamnyang'anya mlinzi silaha na kisha inaila silaha hiyo.

Kutokana na orodha hii ilikuwa rahisi kuamini kwamba vimeng'enya hivi ndivyo vinavyofanya madhara yote, na kwa muda mrefu vitabu vilisema hivyo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yaliunga mkono fikra hiyo: hamira zilizoondolewa baadhi ya jeni za Sap zilikuwa dhaifu zaidi katika wanyama wa maabara. Baadaye ikaonekana kwamba mbinu iliyotumika kuondoa jeni ilikuwa na dosari, kwani jeni ya alama iliyopandikizwa mahali pa ile iliyoondolewa huweza yenyewe kubadilisha ukali wa hamira. Majaribio yaliporudiwa kwa mbinu nyingine, matokeo yakiwa yamechapishwa mwaka 2008, hamira zisizo na Sap1 hadi Sap3, au zisizo na Sap4 hadi Sap6, ziliendelea kuivamia ngozi ya ndani iliyooteshwa maabara karibu sawasawa na zile kamili. Kisha mwaka 2016 ikatangazwa kandidalisini, sumu ya amino asidi 31 ambayo nyuzi za Candida huitoa na ambayo hutoboa utando wa seli moja kwa moja. Sumu hiyo nayo huachiliwa baada ya protini mama yake kukatwa na Kex2, kimeng'enya kile kile nilichokitaja juu, ingawa hiki hufanya kazi yake ndani ya chembe na si nje.

Kwa hiyo aliyeandika kwamba fangasi "inakula nyama ya mwili" amekwambia nusu ya habari. Vimeng'enya huilisha hamira, huisaidia kushikamana, hulegeza ulinzi na kuamsha uvimbe, lakini kutoboa seli ni kazi ya sumu ile zaidi kuliko yao. Ushahidi mwingine uko kwa ndugu yake anayeitwa Candida glabrata, ambaye hupatikana sana kwa wazee wanaovaa meno ya bandia. Huyo hana kabisa vile vimeng'enya vya Sap vinavyosambaa nje. Ana vya ukoo wa karibu vilivyonasa juu ya chembe yake tu, na bado humfanya mtu augue. Utando wa mama yako ni maradhi ya juu ya ngozi laini, haujamla mpaka ndani, na ukitibiwa ngozi ile hurudi kama ilivyokuwa.

Nilisema nitafika kwenye tindikali. Sap1, Sap2 na Sap3 hufanya kazi vizuri kabisa pale kipimo cha uchachu kinachoitwa pH kinapokuwa kati ya 3 na 5, yaani penye tindikali ya wazi. Mate ya mtu mwenye afya huwa karibu na 7, na katika hali hiyo Sap2 hufanya kazi kidogo mno. Maana yake ni kwamba hamira inaweza kuwepo, inaweza hata kuvitoa vimeng'enya vyake, na vikawa havina nguvu kwa sababu mate yanavizimua. Mambo mawili huondoa ulinzi huo, na mama yako anayo yote mawili.

La kwanza ni sukari. Mtu ambaye kisukari chake hakijatulia huwa na glukosi zaidi katika mate, na mate yenyewe huwa machache. Candida huichachusha glukosi hiyo na kutoa tindikali, na katika majaribio ya maabara mate yaliyotiwa glukosi pamoja na hamira hii hushuka hadi chini ya pH 5. La pili ni meno ya bandia ya juu, ambayo hufunika kaakaa lote na kuzuia mate yasifike. Uso wa plastiki ile una vijitundu ambavyo hamira hushika na kujenga utando wake, tindikali hukaa hapo hapo bila kusafishwa, na vimeng'enya hupata mazingira vinavyoyapenda huku vikiwa vimebanwa dhidi ya ngozi. Ndiyo sababu wekundu unaonekana pale pale panapofunikwa, na ndiyo sababu dawa inayoua fangasi kwenye ulimi na mashavu, huku ikiyaacha meno ya bandia na sukari kama yalivyo, huleta nafuu ya muda tu.

Nisilirahisishe jambo hili kupita kiasi. Candida ikikosa sukari na ikalazimika kula amino asidi, hutoa amonia, na amonia huupandisha pH ya mazingira yake, jambo linaloiamsha kuota nyuzi. Sap4, Sap5 na Sap6, ambazo hutolewa hasa wakati wa nyuzi, hufanya kazi kati ya pH 5 na 7. Kiumbe hiki kina zana za hali zote mbili. Hata hivyo, katika kinywa cha mgonjwa wa kisukari mwenye meno ya bandia, ni tindikali ambayo sisi tunaweza kuipunguza kwa mikono yetu, na ndiyo ninayoitilia mkazo. Kwa wanawake wanaosoma jibu hili niongeze kwamba uke wenye afya una pH ya kati ya 3.8 na 4.5, kwa hiyo Sap2 hukuta makazi mema bila kuhitaji kisukari, ingawa kisukari, ujauzito na dawa za kuua bakteria huongeza hatari.

Utauliza, kama vimeng'enya vinajulikana hivi, kwa nini hakuna dawa ya kuvizima? Ipo ya maabara, pepstatini, ambayo huvizima vyema ndani ya chupa, lakini haikufaa kuwa dawa ya mgonjwa. Kuna habari inayovutia zaidi. Virusi vya UKIMWI navyo vina kimeng'enya cha ukoo huu wa aspatiki, na dawa za kukizuia zilipoanza kutumika katikati ya miaka ya 1990, madaktari waliona utando wa mdomoni ukipungua kwa wagonjwa. Sehemu kubwa ya nafuu ile ilitokana na kinga kurudi, lakini maabara zilionyesha kwamba saquinavir, ritonavir na indinavir huzuia pia Sap za Candida, japo kwa nguvu ndogo kuliko zinavyokizuia kimeng'enya cha virusi. Hakuna anayezitumia kutibu fangasi, na asijaribu mtu. Vilevile chanjo iliyotengenezwa kwa kipande cha Sap2 kwa ajili ya fangasi ya ukeni ilijaribiwa kwa wanyama na kufika jaribio la awali la binadamu, lakini haijawa dawa ya dukani. Dawa tulizo nazo, nistatini na jamii ya flukonazoli, hupiga mahali pengine kabisa: zinahusika na ergosteroli, mafuta yanayojenga utando wa chembe ya fangasi.

Kuhusu jirani na mkate wake wa kumimina: hamira ya mkate ni Saccharomyces, kiumbe tofauti, nayo hufa mkate unapopikwa. Ina hata yenyewe kimeng'enya cha ukoo wa aspatiki inachokitoa nje, kiitwacho Bar1, na kazi yake ni kuvunja kichocheo kinachotumika wakati wa kujamiiana kwa chembe zake, bila uhusiano wowote na maradhi. Vimeng'enya vya aina hii si alama ya ubaya. Malassezia, inayoleta mba kwenye ngozi zetu katika joto hili la pwani, hutoa kimoja ambacho maabara imeonyesha kinavunja protini ya bakteria wa majipu na kuwazuia wasijenge utando wao. Kwa upande mwingine Cryptococcus, inayoshambulia ubongo wa watu waliopungukiwa kinga, ina Mpr1, ya ukoo mwingine wenye kutumia madini, inayoisaidia kuvuka kutoka damuni kuingia ubongoni. Cha kuangalia kwenye mkate wa mama yako ni sukari na kiasi cha wanga.

Basi ya kufanya. Sukari ya damu ndiyo ya kwanza: mpelekeni kliniki yake apimwe, na dawa zirekebishwe ikihitajika. Chai aipunguzie sukari, na halua, ambayo najua Wete ni vigumu kuikwepa, isiwe ya kumumunya siku nzima, kwa sababu kila kipande kinawasha upya kiwanda cha tindikali. Meno ya bandia ayavue kila usiku bila kukosa, yasuguliwe kwa brashi na sabuni nyepesi, kisha yalale katika dawa ya kusafishia meno ya bandia au klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywa, halafu yasuuzwe vizuri asubuhi. Yakiwa yamelegea, fundi wa meno ayarekebishe, kwani yanayocheza hukwaruza kaakaa na kuifungulia fangasi njia. Kusukutua kwa maji baada ya kila mlo kunasaidia, nayo ni desturi anayoijua tayari kutoka udhu, ila ayavue meno kwanza ili maji yafike chini yake.

Akiandikiwa nistatini ya maji, aizungushe mdomoni kwa muda kabla ya kumeza, mara nne kwa siku, meno ya bandia yakiwa nje, na aendelee siku mbili zaidi baada ya utando kutoweka. Asitumie klorheksidini ya kusukutua papo hapo na nistatini, kwa sababu moja huiharibu nyingine. Apishanishe kwa saa kadhaa. Akiandikiwa flukonazoli, hakikisheni daktari anajua dawa zake zote za sukari, kwa majina. Flukonazoli huchelewesha kuvunjwa kwa dawa za sukari kama glibenklamidi na gliklazidi mwilini, na sukari inaweza kushuka ghafla akatetemeka, akatoka jasho au akapoteza fahamu. Onyo hilo ni zito pia kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambaye anaweza kuvuja damu. Nimeona watu wakinunua vidonge hivi dukani kama wanavyonunua panadoli, na kwa mgonjwa wa kisukari sikubaliani nalo kabisa. Utando ukikataa kuondoka hata baada ya haya yote, ombeni sampuli ioteshwe maabara, kwani Candida glabrata niliyoitaja mara nyingi haisikii dozi ya kawaida ya flukonazoli.

Kuna hali mbili za kwenda hospitali bila kungoja. Akipata maumivu wakati wa kumeza, huenda fangasi imeshuka kwenye koo la chakula, na hapo pamoja na matibabu apimwe pia virusi vya UKIMWI, kipimo ambacho hakimvunjii mtu yeyote heshima. Na kama mama yako hula tambuu, hasa yenye tumbaku, tazama kwa taa ndani ya mashavu na pembeni mwa ulimi: utando wa fangasi kwa kawaida hufutika kwa kitambaa ukaacha wekundu chini yake, lakini doa jeupe lisilofutika ni jambo jingine, na daktari wa meno aliangalie na pengine akate kipande kidogo cha kupimwa kabla ya mtu yeyote kumwandikia tena dawa ya fangasi.